Ndiyo Moja Tu

Jumatatu, 4 Machi

Asubuhi theolojia, mchana kliniki. Ndiyo mwaka wa tatu wa udaktari wetu huu wa saikolojia na dini. Asubuhi mhadhiri anatufundisha neema mpaka mate yanamkauka. Mchana nakaa mbele ya mtu anayeumwa, na neema yote imebaki kwenye begi. Wanasema tunaunganisha taaluma mbili. Mimi naona nimesimama mlangoni tu, mguu ndani, mguu nje.

Leo nimepewa mteja mpya. Ni fundi cherehani, ana mtoto mchanga. Humu nitamwita Fundi. Amekaa ukingoni mwa kiti kama mtu anayengoja kufukuzwa. Kasema siku moja kanisani, katikati ya maombi, lilimpitia tusi kichwani. Tusi kwa Mungu! Hakulitaka, hakulitamka. Tangu hapo anatubu. Anatubu akikata kitambaa, akipika, akinyonyesha. Akikosea neno moja anaanza upya. Mikono imechubuka kwa sabuni, maana anaona mtu aliyelaaniwa hafai kumshika mtoto hivihivi.

Mwishoni kaniuliza: nimesamehewa? Niambie ndiyo moja tu, dada, niende zangu.

Nikamjibu kwa swali, kama nilivyofundishwa. Akanitazama kana kwamba nimemfungia mlango usoni.

Jumanne, 5 Machi

Msimamizi wangu — wanafunzi tunamwita Mama Subira, kwa sababu hana — alikitazama kikao chote kupitia kile kioo cha ukutani, cha kuonea upande mmoja. Amenisifu! Mara ya kwanza tangu nimjue. Kasema huu ni ugonjwa wa wasiwasi, umevaa nguo za dini tu. Ukimpa hiyo ndiyo anayoitaka, unamkuna panapowasha, na kesho patawasha zaidi. Tiba ni ajifunze kuvumilia kutojua, kidogo kidogo.

Nimeelewa. Vitabu navyo vinasema hivyohivyo. Lakini Fundi hakuniuliza swali la vitabuni. Ameniuliza jambo ninaloliamini mimi mwenyewe! Jibu ninalo, na sitakiwi kulisema. Kazi gani hii.

Alhamisi, 7 Machi

Mtoto hapandi uzito. Nesi kamwambia hivyo jana, na leo Fundi kanieleza kwa nini. Akianza kunyonyesha, wazo linakuja. Anamtoa mtoto kwenye ziwa, anamlaza, anapiga magoti, anatubu. Anarudi. Wazo linakuja tena. Alinionyesha kwa mikono mitupu, jinsi anavyomtoa na kumlaza.

Nikasema. "Umesamehewa, dada." Imenitoka tu!

Kwanza alicheka. Halafu akalia, akanishika mikono, akasema amepumua. Akaondoka akitembea kama mtu aliyetuliwa gunia. Nilifurahi, niseme ukweli. Nilifurahi mno.

Mama Subira alinisubiri mlangoni amekunja mikono. Hakunigombeza. Kaniuliza tu, ile ilikuwa dawa yake au yako?

Ijumaa, 8 Machi

Simu za Fundi. Asubuhi: samahani dada, ulipolisema lile neno ulikuwa unatazama dirishani, je, ulilisema kwa moyo? Mchana: lakini wewe si mchungaji, linahesabika kweli? Jioni: labda ulinisamehe kwa kuwa hujui tusi lenyewe, ngoja nikuambie. Akashindwa kulitamka. Akaanza kutubu palepale kwenye simu, na mimi nimeishikilia sikioni kama mjinga. Cherehani sikuisikia. Mtoto nilimsikia.

Jumapili, 10 Machi

Nimempigia Baba. Amestaafu uchungaji lakini sauti ya mimbarini hajaistaafisha. Nikamweleza bila kutaja mtu. Akacheka: mwanangu, miaka yote hiyo ya kusoma, halafu wakukataze neno ambalo mimi nimeligawa bure kila Jumapili?

Nikamwambia nimeshaligawa na halikushika.

Kicheko kikamkatika. Kisha akasema aliwahi kuwa na mama mmoja wa namna hiyo usharikani. Alikuwa anakuja kila wiki. Naye Baba kila wiki anamwambia, umesamehewa.

"Ikawaje?"

"Akaacha kuja."

Sikuuliza kwa nini. Tumeagana harakaharaka, kama watu waliokoseana.

Na ibadani leo sikuweza kusali. Kila nikifumba macho najisikiliza kama mkaguzi, neno hili limekaa sawa? Sasa hata mimi!

Jumanne, 12 Machi

Kaja mume wa Fundi, peke yake. Yeye kazi yake ni mabomba, mtu mpole, kofia ameishika magotini. Mama yake mzazi anasema mkewe ana pepo. Mama huyo anataka kumpeleka Fundi kwa watu wa maombi, afunge siku kadhaa, mtoto abaki. Kufunga, na ananyonyesha!

Mama Subira kamwambia mambo mawili. Daktari wa akili, anayetoa dawa, atamwona mkewe, ila nafasi iliyopatikana ni ya mwezi ujao. Na nyumbani aache kumjibu kila anapouliza.

"Nimwache alie?"

Akavaa kofia. "Mama anasema pepo, nyie mnasema ugonjwa. Mimi namtaka mke wangu tu."

Alhamisi, 14 Machi

Kikao hakijaanza. Fundi amejifungia chooni, mwisho wa korido, tangu walipofika na mumewe. Mtoto nimepakatishwa mimi, amelala. Naandika kwa mkono mmoja, hapa nje ya mlango wake. Mama Subira yuko njiani. Kwenye simu kasema nikae, nisiseme neno. Nikiiacha kalamu nitasema.

Chini kuna gari. Ndani yake mama mkwe na wale watu wa maombi. Wamesema wanatoa saa moja, wasipomwona ametulia wanaondoka naye. Mume kaegemea ukuta. Ananinong'oneza: dada, mwambie ndiyo, moja tu, atoke, aonekane yuko sawa. Kesho tutajua ya kesho.

Ukuta mwembamba. Maji yanamwagika, na juu ya maji sauti yake. Sala ninaijua sasa, kila neno. Midomo yangu inakwenda naye.

Anakaribia mwisho. Mume ameinua kichwa. Neno la mwisho — amelisema! Bomba limefungwa. Kitasa kinacheza.

Kitasa kimeachiwa.

Maji tena. Ameanza upya, kutoka mwanzo kabisa.

Chini wamepiga honi. Mtoto ameshtuka, hajalia, anageuza uso huku na huku, anatafuta ziwa kifuani kwangu. Naiacha kalamu.