Mrefu Uliyemchagua Kwanza

Mwalimu wangu,

Sitaanza kwa kukuuliza hali. Wa kuulizwa hali ni mimi, na jibu langu ni kwamba umenichosha. Mtu akiondoka duniani huacha nyumba, huacha shamba la mikorosho, huacha mke mwema kama Mama Zuhura, na hivyo vyote vina wenyewe. Mimi umeniachia Masanja.

Arobaini yako imepita. Ufuta umevunwa, mikorosho imeanza kutoa maua, na hapa Nachingwea hakuna siku niliyofungua kibanda changu cha kushonea bila mtu kuja kuniuliza habari za huyo kijana. Hata kitambaa hajaleta. Anaegemea mlango tu, anasema, "Da Rehema, yule mrefu wenu vipi?" Nami nakanyaga cherehani kwa nguvu ili nijifanye sijasikia.

Ngoja nikukumbushe ulichofanya, maana ulikifanya mbele za watu halafu ukatuacha nacho. Ilikuwa siku ya kuchagua wachezaji wa kikapu. Korosho zimekwisha kuuzwa, vijana waliomaliza kidato cha nne katika wilaya zote mbili wamecheza tangu asubuhi, sisi tumekaa upande huu na Ruangwa upande ule, kila kocha achukue mmoja kwa zamu mpaka wanaofaa waishe. Wa kuanza anapatikana kwa kurusha mpira mmoja kutoka mstari wa faulo. Kocha wa Ruangwa alirusha akakosa. Wewe ukasimama, mkono mmoja umeshika kiuno kilichokuwa kinakuuma, kwa mkono wa pili ukarusha, na mpira ukapita katikati bila kugusa chuma. Tulishangilia mpaka nikakauka koo. Nilijua unamchukua Bakari, yule mfupi wa Namungo aliyewahangaisha wote siku ile. Kocha wa Ruangwa naye alijua, ndiyo maana alikuwa ameshanuna. Wewe ukanyoosha kidole kwa Masanja.

Masanja, mtoto wa wale wafugaji waliohamia kutoka Kanda ya Ziwa, ambao boma lao liko upande wa Kiegei. Alikuwa hajamaliza hata miezi mitatu tangu ashike mpira wa kikapu. Alipokimbia, miguu ilikwenda kwake na mikono kwake. Nilikuvuta shati nikakunong'oneza, "Mwalimu, umekosea mtu." Ukanijibu, "Rehema, urefu haufundishwi." Basi. Ndiyo maelezo yote niliyopata, na ndiyo niliyobaki nayo mpaka leo kuwajibu watu.

Sasa nikueleze wenzake aliochaguliwa nao, ili ujue ninachokabiliana nacho. Bakari anaongoza kwa kufunga Ruangwa yote, na huko Namungo, ambako watu hawakuwa na habari na kitu chochote zaidi ya mpira wa miguu, wamefunga ringi kwenye mti ili watoto wawe kama yeye. Lukasi wa Mnero, aliyechukuliwa na Ruangwa mwishomwisho kwa kuonewa huruma, ni mfupi kwa Masanja kwa kichwa kizima na tumbo limeshaanza kutangulia, lakini ukimpa mpira chini ya ringi hakuachii hivihivi, lazima afunge au apigwe faulo. Hata Issa wetu, ambaye kusema kweli ulimchukua zamu ya pili kwa sababu mama yake ni jirani yako, anafunga. Wote waliosimama mstari ule siku ile wanafunga, isipokuwa yule uliyemtanguliza.

Na sitaki kumwonea. Mipira inayogonga ringi na kurudi anaidaka yeye, wengine wanaangalia tu. Mtu akijaribu kupita chini anakuta ukuta. Hachelewi mazoezi, na Kiegei si hapo. Hajawahi kunijibu vibaya. Lakini akipata mpira pale chini, mahali ambapo angenyoosha mkono tu na kuutumbukiza, anageuza shingo kutafuta mtu wa kumpa. Yuko peke yake, hakuna anayemkaba, na bado anatafuta mtu wa kumpa! Niliwaza ni woga. Nikawaza hapendi mchezo. Nikawaza labda haoni vizuri, nikamwonyesha vidole kwa mbali, akavihesabu vyote.

Nimemwambia kwa upole, nimemwambia kwa ukali. "Masanja, rusha." Anainamisha kichwa, anasema, "Ndiyo, Da Rehema." Mchezo unaofuata ni yaleyale. Mwalimu, wewe ulifundisha hesabu miaka thelathini, unajua uchungu wa kufundisha mtu anayesema ndiyo.

Mwenyekiti wa timu hakutaka tangu mwanzo, na si kwa ajili ya kikapu. Mwaka juzi ng'ombe waliingia kwenye ufuta wake, na ingawa hawakuwa wa baba yake Masanja, kwake mfugaji ni mfugaji. Wiki iliyopita aliniita akasema nimpe jibu Jumapili: ama kijana abaki, ama tumwache tutafute mwingine. Siku hiyohiyo baba yake alikuja kibandani. Mzee mstaarabu, alivua kofia, hakukaa. Alisema malisho yamepungua na anahamia Liwale na mifugo. "Mama," akaniambia, "mwalimu wenu aliniomba huyu kijana, nikampa. Kama anawafaa, abaki. Kama hawafai, nirudishieni, mimi nina kazi naye." Nilimwambia asubiri mchezo wa Jumamosi, kama mtu anayejua anachokisema.

Jumamosi tukaenda Ruangwa. Watu walijaa, na wale akina mama wanaouza karanga nyuma ya ringi walimwona Masanja anashuka garini, mmoja akapaza sauti, "Nachingwea wametuletea nguzo ya umeme, haina waya!" Uwanja mzima ulicheka. Nami nilicheka kidogo, Mungu anisamehe. Tukacheza vizuri, Mwalimu. Bakari alifunga alivyotaka, ila Masanja alimfuta Lukasi kabisa, Lukasi mpaka akaomba kutoka. Tukafika mwisho wako mbele kwa pointi moja. Issa akarusha, mpira ukagonga chuma, Masanja akaudaka juu ya vichwa vya wote. Chini yake hakuna mtu. Ringi iko pale, karibu na uso wake. Akageuza shingo, akampa Issa, Issa akanyang'anywa, mchezo ukaisha.

Nilimfokea mbele za watu. Nakiri. Nilimwita mbali na wenzake lakini sauti yangu haikwenda mbali nao. Nilimwambia umetuaibisha, umemwaibisha marehemu aliyekuchagua, niambie leo hii una shida gani, maana kesho nakurudisha kwa baba yako. Alisimama amenyooka, jasho linamtoka, akasema kwa sauti ya chini, "Mwalimu alinikataza kurusha."

Nikamuuliza mwalimu gani, kama vile nina wengi.

"Mwalimu. Alisema nijifunze miguu kwanza. Alisema nisirushe mpaka yeye mwenyewe anipe mpira mkononi. Alipokwenda hospitali akasema nimsubiri arudi."

"Masanja, mwalimu amefariki!"

"Ndiyo, Da Rehema. Nilikuja msibani."

"Sasa unamsubiri nani?"

"Sikuweza kujiondolea katazo mwenyewe," akasema. "Neno lilikuwa la kwake."

Ningekuwa na kiatu mkononi ningekirusha, na sijui ningemrushia nani kati yenu wawili. Miezi yote hii! Watu wanamcheka, baba yake anamdai, mimi namfokea, na yeye amekaa na amri yako kama mtu aliyekabidhiwa ng'ombe wa wenyewe. Halafu hasira ikanigeukia mimi, maana mimi nilipita hapohapo. Nilikuwa na miaka kumi na sita, msichana peke yangu katika wavulana tisa, ukaniweka mwezi mzima nakimbia mistari na kugeuka kwa mguu mmoja wakati wenzangu wanarusha. Nililia. Mama yangu alitaka kuja kukugombeza. Kisha jioni moja ukanijia na mpira, ukaniwekea mkononi, ukasema, "Haya, piga." Kila mtu aliyepita kwako aliwekewa mpira mkononi hivyo. Sisi sote pale kwenye benchi, watu wazima tuliolelewa na wewe, hakuna hata mmoja aliyekumbuka kujiuliza kama Masanja ameshapewa wake. Tulikuwa na kazi ya kumlinganisha na Bakari.

Na kuna jingine, nalo ndilo lililoniamsha kukuandikia. Siku ile pale hospitali ya Mnero, umelala, mkono wako umekuwa mwepesi, uliniambia, "Rehema, nishikie timu mpaka nirudi." Nikasema ndiyo. Nikaishika. Nimeishika hivi: kwenye kikao nikiulizwa nasema mwalimu angependa hivi. Kwenye benchi nafasi yako siikalii, nasimama mchezo mzima mpaka miguu inavimba. Mwenyekiti aliponipa fomu ya kuandika jina la kocha niliandika lako, na chini yake nikaandika kaimu. Nimemkaripia kijana wa watu kwa kosa ninalolifanya mwenyewe kila siku, nami nina watoto wawili na akili zangu timamu.

Mwalimu, uliagiza vibaya. Nakwambia kwa heshima zote, na nakwambia kwa hasira. Ulijua unaumwa. Ulijua zaidi yetu. Ungeweza kusema, Rehema, nikishindwa kurudi, fanya hivi na hivi. Badala yake ulitupa maneno ya mtu anayekwenda sokoni, nasi tukayaamini kwa sababu tulitaka kuyaamini.

Jana Jumapili nilimwita Masanja uwanjani mapema, kabla jua halijawa kali. Nilikuwa nimepanga hotuba ndefu. Sikuitoa. Nilisema, "Mwalimu hatarudi." Unajua, sikuwahi kulisema kwa mdomo wangu. Msibani nilipika, nilipokea wageni, nilimshika Mama Zuhura, hilo sikulisema. Nililia hapo mbele ya mtoto wa watu, naye akaangalia pembeni kwa adabu mpaka nikamaliza. Kisha nikamwekea mpira mkononi.

Usifikiri alifunga. Alirusha kama anayemrushia ng'ombe fimbo, mpira ukapita juu ya ubao ukaangukia kwenye majani. Wa pili ukagonga nguzo. Nikalaani siku ile ya kuchagua. Lakini aliendelea, na miguu, Mwalimu, ile miguu iko mahali pake, inageuka kama umeichora wewe. Jua lilipopanda alikuwa ameingiza wachache, wabaya, ila wameingia, na kila ukiingia alikuwa anaangalia chini ili nisimwone anavyocheka.

Nikaenda kwa mwenyekiti. Hukumu yangu niliyompa, na ninayokupa wewe, ni hii: kati ya wote waliochaguliwa siku ile, leo hii Bakari ndiye bora, na ungemchukua yeye tungekuwa na raha. Lukasi anamzidi Masanja kwa kufunga, na atamzidi kwa miezi kadhaa bado. Lakini hakuna mwingine katika kundi lile ambaye ningemwachia mlango wa nyumba yangu wazi nikageuka mgongo. Masanja anabaki. Mwenyekiti alianza habari ya ufuta, nikamwambia ufuta aupeleke kwa wanaohusika na ufuta. Aliniuliza, "Hayo ni maneno ya marehemu?" Nikasema hapana, ni yangu. Baba yake Masanja ameondoka leo asubuhi na mifugo, kijana amehamia chumba cha uani kwa Mama Zuhura, na Mama Zuhura ameshaanza kulalamika kuhusu unga.

Bado nina hasira nawe. Itapungua, najua, na siku itakapokwisha nitaikosa pia. Naahidi kwamba Masanja atajua kufunga kabla mvua hazijaanza, na kwamba siku ya kuchagua ikifika nitarusha mpira kwa mkono wangu na kunyoosha kidole kwa ninayemtaka mimi, nikikosea nikosee mwenyewe. Ijumaa nitakuja kaburini kung'oa majani. Fomu nimeiomba tena, nimeandika jina langu.

Pumzika, Mwalimu. Sikungojei tena.

Rehema