Pezi Alilonificha Shemeji

Shoga, shika simu! Shemeji kaniaibisha leo mbele za watu.

Unaujua ule ubao wangu wa tanga, ule mpana unaopaa juu ya maji ukiufungia bawa chini. Bawa limevunjika, nikamuuliza kama naweza kufunga pezi la kawaida, lile la kuushika ubao usiteleze kando. Si ndiye kocha wa tanga hapa? Akanipa kipezi kama kiganja cha mtoto. "Pezi ni pezi tu, we nenda."

Pezi ni pezi tu!!

Ubao ukaniburuta kiubavuubavu kama kaa hadi kwenye matete, wanafunzi wake wote wanatazama. Naye kipaza sauti mkononi: "Dada, ufukwe uko huku!"

Ufukwe uko huku. Ananiambia mimi!

Nikajikokota hadi ufukweni. Naingia stoo, nakuta pezi refu kama mkono wangu, limefichwa kwenye begi lake. Alijua! Ubao mpana unataka pezi refu, alijua fika.

Nikalifunga. Nikamwambia mbele ya wanafunzi wale wale: tushindane hadi kwenye boya na kurudi, kila mtu na ubao wake.

Kurudi, upepo ukafifia. Mimi na ubao wangu mpana nikaja polepole, nimesimama wima kama bibi harusi. Kibao chake chembamba, kisichombeba mtu bila upepo mkali, kikazama naye hadi magotini. Yuko huko katikati sasa hivi, anapunga mkono afuatwe na boti.

Jaketi la kuelea analo, hafi mtu.

Funguo za boti ninazo mimi. Na kipaza sauti ninacho. Nimeshamwambia ufukwe uko wapi, sasa namalizia chai yangu.