Waya Zilizokazwa Mno

Jumamosi, 11 Januari

Kunduchi tangu asubuhi. Nimefungua kamba zote zilizokuwa zikikaza waya za mlingoti. Zimechakaa. Mahali pake nimefunga skrubu za chuma nilizozikereza mwenyewe kwenye karakana yangu, Gongo la Mboto. Zungusha huku, waya inakaza. Zungusha kule, inalegea. Kazi safi. Najisifu na sioni aibu.

Boti ni yetu wawili, mimi na Rashidi. Yeye seremala, mimi chuma. Tumeijenga miaka.

Jumapili, 12 Januari

Rashidi ana presha ya macho. Daktari kamwambia kilichopotea hakirudi, na kilichobaki kinaondoka. Hataki pole. Anataka kitu kimoja: ashike usukani wa boti yake angali analiona tanga. Tumekubaliana tutoke Jumamosi.

Naogopa kuliko yeye.

Jumatano, 15 Januari

Boti iko majini. Nimekaza waya. Nikaongeza. Ukizigonga zinalia.

Rashidi akapitisha kiganja juu ya waya. "We Mnyamwezi, utausukuma mlingoti utokee chini. Legeza!"

Nikacheka. Yeye Mzaramo, ni mtani wangu. Juzi tu alisema skrubu zangu zinafaa kufungia mbuzi. Nikamwambia mbao zake ndizo za kuombewa dua. Na yeye akacheka. Nikaongeza mzunguko mmoja, kumkomoa tu.

Jumamosi, 18 Januari

Hatukutoka.

Rashidi alikuja na shati jipya. Mkewe katufungia mikate ya kumimina. Tukakuta maji ndani ya boti, magodoro yanaelea. Waya ziliuvuta mlingoti chini, nao ukaukandamiza mkuku, uti wa mgongo wa boti. Ubao wa chini kabisa, ule ulioshikana na mkuku, umeachana nao na kupasuka.

Kumbe zile kamba zilikuwa zinanyumbulika. Chuma changu hakinyumbuliki.

"Nilikwambia," alisema. Basi. Nimwambie nilidhani ni utani? Hilo nalo ni jibu la kumpa mtu?

Mikate tuliila huku tunachota maji.

Jumatano, 12 Machi

Boti bado iko nchi kavu. Mbao za mvule zilichelewa. Rashidi hataki seremala mwingine aiguse. Anapima kwa vidole. Leo kajigonga dole gumba, akasingizia nyundo.

Hajanitania tangu ile Jumamosi. Nimemchokoza mara kadhaa, ananijibu kwa adabu. Adabu ya mtani inauma kuliko tusi. Nimekosa, tena kwa kiburi cha kijinga. Laiti ningelegeza siku ile.

Jumatatu, 5 Mei

Tumemaliza kutia kalafati, pamba ya kuziba nafasi za mbao. Rashidi kaniuliza nimevaa shati rangi gani.

Nimetoka nje nikalia.

Jumapili, 15 Juni

Tumetoka, mimi na yeye tu. Bahari imetulia.

Usukani kashika yeye. Mimi namwambia kulia, kushoto. Akauliza kama tanga limejaa. Nikasema limejaa, jeupe, halina kunyanzi.

Kisha akanyoosha mkono nyuma yake, akaishika waya inayoshuka karibu na usukani.

"Legeza kidogo."

Nikalegeza.

"Leo Mnyamwezi kasikia. Mvua itanyesha."

Sikujua kama ni utani. Sikuuliza. Nikalegeza tena kidogo.