Mipodo Niliyoiita Tasa

Jumatano. Ukungu haujainuka msituni tangu asubuhi, na baridi ya Karatu imeingia mpaka kwenye mifupa. Nimechoka hoi, na leo sikubeba hata kuni.

Mnaosoma hapa mnajua habari za kitalu chetu. Mwaka mzima akina mama wa kikundi wamepanda kutoka korongoni na madumu kichwani, kumwagilia viriba, vile vifuko vya udongo tulivyopanda mbegu za mpodo, mti wetu wa mlimani ambao mbao zake zimependwa hadi unakaribia kwisha. Mbegu tuliziokota wenyewe chini ya miti minne mikubwa iliyobaki. Hakuna hata moja iliyoota.

Mpodo huchelewa, nilikuwa nawaambia. Tuvumilie.

Leo bwana misitu kapita. Akachukua mbegu tano, akazipasua kwa jiwe. Ganda gumu, ndani hamna kitu. Akauliza madume yako wapi.

Nilidhani ananitania. Kumbe mpodo una dume na jike, kila mmoja mti wake. Jike ndiye anayezaa, lakini bila dume karibu anazaa maganda tu.

Madume niliyamaliza mimi.

Sikushika shoka. Lakini nilikuwa katibu wa kamati ya msitu kijiji kilipotaka mbao za madawati, na mimi ndiye niliyezunguka na kopo la rangi. Sisi Wairaqw tumekulia zizini. Ng'ombe tasa hafugwi, anachinjwa. Basi kila mpodo usio na tunda niliupaka alama ukatwe, yenye matunda nikaiacha iwe ya mbegu. Nilijiona nina akili kweli, na mkutano ukanipigia makofi. Mfugaji gani huuza dume lake la mwisho?

Bwana misitu anasema madume bado yapo upande wa Ngorongoro, mbali, na tukipata kibali tutaokota mbegu za huko tuanze upya. Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Alipoondoka akafika Mama Paskalina, mwenyekiti wa kikundi, na dumu lake na goti lake bovu.

"Katibu, amesemaje?"

"Amesema tuvumilie."

Akamwagilia viriba vyote, kimoja kimoja, nami nimesimama namtazama.

Naona aibu hata kuandika. Kesho nitawahi kwake alfajiri, nimwambie ukweli kabla hajajitwika maji.