Mmisri Wako Ataimba Leo

Dada Zuhura wangu,

Basi pale nilipoikatiza barua hii asubuhi, waliponiita kukaanga sambusa, nilikuwa nimefika pale wifi yako Salma aliponivaa. Kanisimamia katikati ya ukumbi, mkono kiunoni: "Nyimbo ya yule Mmisri haipigwi kwenye hina ya harusi ya Rukia. Mnamtia aibu marehemu mama yake." Aibu! Nilicheka mpaka mtandio ukanivuka. Nikamwambia, "Wifi, marehemu mwenyewe ndiye aliyeniagiza."

Si uliniagiza? Siku ile hospitali, umeniminya kidole, ukasema, "Siku ya mwanangu, mpigie Kope." Nikakuapia. Salma hakuwepo, alikuwa anatafuta pa kuegesha gari.

Kope! Jina tulimpa sie wenyewe yule mwimbaji wa filamu, kwa zile kope zake kama za ndama. Ndo kwanza tumehamia Malvern, huku Toronto, baridi imetufungia ndani, Kiingereza hatujui, kanda za filamu zake tunakodi kwa Mmisri mwenzake mwenye duka la nyama. Kiarabu nacho hatukijui, ila cha kuswalia. Lakini tulielewa. Kila filamu yeye masikini, kila filamu binti wa tajiri analia dirishani, halafu baba mtu anakuja kuzima taa. Ukimtukana yule baba kwa Kiunguja safi, jirani anagonga ukuta. Kope akianza kuimba unanyamaza, sufuria inaungua, na mie nakutega, nione nani atasikia harufu mwanzo.

Halafu koo likamharibikia. Wakampasua, sauti ikatoka kama ya mtu aliyeamka sasa hivi. Filamu wakawapa vijana. Yeye wakamtia kwenye tamthilia za Ramadhani awe baba mtu. Huyo huyo, sasa ndo anazima taa! Mwenye duka akatwambia, "Huyu kaisha." Ukamjibu, "Kaisha kwako. Kwangu mie ndo kwanza anaanza."

Ulipoumwa nawe wakasema vile vile, wakidhani husikii.

Alipokuja kuimba hapa Toronto ulikuwa umetoka kwenye matibabu, kichwani huna hata unywele mmoja. Wamisri wamekaa vitini na heshima zao kama wako darasani. Sauti ya Kope inakwaruza. Mara nakuona umeinuka. Nikajua tu, huyu anakwenda kutunza, kumpa mwimbaji zawadi! Dada, hapa Toronto, si taarabuni kwetu! Nani kakwambia huku mtu anainuka kwenda kumtunza mwimbaji? Nakuvuta buibui, unanikokota. Unakwenda na mwendo wako ule wa kujidai, bega hili, bega lile, mkononi kipande kimoja cha kisutu chako, ile kanga ya harusi. Mlinzi akakuzuia. Kope akanyamaza katikati ya wimbo, akainama, akakipokea, akakitia shingoni, akaimba nacho mpaka mwisho. Ukumbi mzima ukasimama. Wamisri wale wale wakapiga vigelegele! Na mlinzi akakurudisha kitini kakushika mkono kama bibi harusi.

Hiyo ndiyo aibu ya Salma. Mwanamke wa buibui kumvisha mwanamume kanga mbele za watu. Basi mie naihadithia kila kikao, na naizidisha kidogo. Sasa hivi nimeshafika pahala ambapo Kope alilia. Nani atanibishia, wewe?

Leo nimekukosa, dada. Nimepaka hina mikono ya watu wote, na hakuna wa kunipaka mie. Lakini sikubali wakutengenezee umarehemu wa mtu mwengine, mpole, kimya, asiyependa nyimbo. Hukuwa huyo. Hata huko makaburini Pickering ulikolala najua hujanyamaza. Sidii ya nyimbo za Kope nimeibana kwapani, ndani ya gauni. Salma na aje aitafute.

Ngoja, mlango huo unagongwa. Mwanao Rukia, na Kiswahili chake cha Kanada: "Mama mdogo, njoo! Shangazi Salma anataka kuzima muziki. Lete wimbo ya Mama!"

Na kafungwa nini kiunoni, dada! Kile kipande cha pili cha kisutu, kilichobaki, sijui kakifukua sanduku gani huyu mtoto. Mikono kaiinua juu, hina haijakauka, ananiita kwa kichwa.

Nakuja, mwanangu! Asiguse mtu hiyo mashine! Nakuja!

Mdogo wako