Unga Tu

Nyumba ya tatu,
Nyuma ya kiwanda cha rangi,
Jumapili, tarehe 9 Juni.

Mpendwa Kaka,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Natumaini barua hii itakukuta u mzima, na kile kikohozi cha baridi ya huko kimekuachia. Je, unalala na soksi? Mama ameniapisha niulize hilo kabla ya mengine yote. Magoti yake bado yanamsumbua, lakini ulimi wake, alhamdulillahi, hauna ugonjwa. Mimi ni mzima wa mwili. Wa moyo, siwezi kukudanganya.

Nisamehe kwa kukaa kimya mwezi mzima. Najua Kitinda alikupigia simu akakwambia mumewe ameungua kazini. Alichokwambia ni kweli, ila si chote, kwa sababu mdogo wetu mwenyewe hakijui chote. Ninakijua mimi.

Unalikumbuka ghala. Siku uliponikabidhi funguo ulinitembeza pipa kwa pipa, ukanionyesha ule unga wa alumini wa kutengenezea rangi ya fedha, na kibandiko chake cha mistari myekundu na myeupe. Ukasema kikibanduka, niandike jina lote, na chini yake niandike "usitie maji". Tulikucheka sana. Tulikuita Bwana Vibandiko, na wapakiaji wakakubandika kimoja mgongoni ukaenda nacho hadi nyumbani.

Ulipoondoka nililegea. Mapipa mawili yalipoliwa na kutu, nikauhamishia unga kwenye mapipa ya zamani, na kwa uvivu wangu nikachukua chaki nikaandika UNGA. Basi. Ghalani kila mtu alielewa. Mchanganya rangi akisema lete unga, unaletwa. Nikasahau kwamba upande wa pili wa ukuta jirani yetu anaweka magunia ya unga wa ngano, na kwamba mtu yeyote wa nje akisikia unga hufikiria chakula.

Siku ya ajali, saa nane mchana, fundi alikuwa akichomelea bawaba ya mlango wetu. Cheche ikarukia pipa lililokuwa wazi. Kaka, moto ule hauna makelele. Unang'aa mweupe, huwezi kuutazama, na unakula chini kwa chini. Niliwatoa watu wote nje, hilo nilifanya sawa, na zimamoto hawakuchelewa. Wa kwanza kuruka kutoka kwenye gari alikuwa shemeji, mume wa Kitinda, kiongozi wa kikosi.

Aliniuliza kama kazi yake inavyotaka. "Shemeji, kinachoungua ni nini humo?"

Nikamjibu, "Unga. Unga tu."

Mimi, mliyenipa jina la Kasuku kwa sababu sinyamazi hata nikiwa natafuna, siku iliyohitaji maneno sikuwa nayo. Nilidhani nimeshasema yote. Yeye akaelekeza mpira wa maji. Maji yalipogusa lile pipa, ulilipuka mwanga ambao mpaka leo nikifumba macho nauona. Wenzake walikuwa nyuma ya gari, yeye alikuwa mbele. Mikono imeungua hadi viwikoni, na kuhusu jicho la kushoto daktari anasema tusubiri. Baadaye moto ulizimwa kwa mchanga mkavu, wakiumwaga taratibu kwa koleo. Sanduku lile lile la mchanga uliloliacha wewe, hatua kumi kutoka nilipokuwa nimesimama.

Ikaundwa kamati ya uchunguzi. Katika kikao cha kwanza ikasomwa kwamba kiongozi wa kikosi alimwaga maji bila kuuliza kinachoungua. Mwenyekiti akanigeukia, nina la kuongeza? Nikatazama viatu vyangu. Kamati ikishikilia hivyo, shemeji ataachishwa kazi kwa uzembe ambao si wake. Naona haya hata kukuandikia.

Juzi nilikwenda kumtazama hospitali. Kitinda alipotoka kuosha kikombe, nikamwambia shemeji kwamba nitasema ukweli. Akatikisa kichwa na bandeji zake.

"Watakufukuza, na Mama anakutegemea wewe. Acha tu, mimi nitasema sikuuliza." Kisha akacheka kidogo. "Na wala hukunidanganya. Si ulikuwa unga?"

Afadhali angenitukana.

Jana Kitinda akanituma dukani kununua unga. Nilisimama mbele ya muuzaji, nikaishia kuonyesha kwa kidole bila kulitaja neno. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Nilikuwa nikiisema methali hiyo kwa kuwatania wengine.

Leo nimeandika barua mbili. Ya kwanza ni ya kamati, nitaipeleka kesho asubuhi kwa mkono wangu. Jioni hii nitamsomea Kitinda kwanza, asije akayasikia kwa watu. Sijui atanitazama vipi. Huenda kesho hiyo hiyo nikarudisha funguo za ghala. Mapipa nimeyaandika upya yote, jina lote, na chini yake vile ulivyosema. Ningekusikiliza mapema, shemeji angekuwa na macho yake mawili bila kusubiri.

Wapakiaji wanakusalimu, Bwana Vibandiko, na siku hizi hawalitamki jina hilo kwa kucheka. Mchanganya rangi anakusalimu. Shangazi naye anakusalimu, anasema utume picha ukiwa umenenepa. Mama anarudia habari ya soksi. Mungu akulinde huko uliko, akupe usingizi ambao mimi sina, na akija kutukutanisha tena, atukute bado ni ndugu.

Wako akupendaye na kukukosea,
Mdogo wako,
Kasuku.

Nyongeza: Utashangaa, barua ya kamati ni fupi kuliko zote nilizowahi kuandika. Inasema hivi: "Aliniuliza. Nilimjibu: unga."