Baraza Linalosubiri Kura

Mpendwa Bi. Imogene wa safu ya ushauri, naomba msaada wako kabla ya Jumanne, maana Jumanne ndiyo kura ya kodi, NDIYO ikishinda kodi ya nyumba itashuka na kodi ya mauzo dukani itapanda, na sina mwingine wa kumwambia, mchungaji ana kibao cha NDIYO mbele ya nyumba yake na dada yangu ana cha HAPANA, nikimwambia yeyote habari itafika hadi kwa muuza mayai.

Mume wangu, tumwite Verlon, nampenda, tuna miaka thelathini na minane pamoja, lakini ameiacha nyumba yetu iwe mbovu kwa makusudi ili mthamini wa kaunti akipita asituongezee kodi ya nyumba, ukiingia ndani utakuta sakafu ya mwaloni aliyoipiga msasa mwenyewe, ukitoka nje rangi imebanduka na ngazi ni matofali matatu, na baraza aliloniahidi tangu tuoane hataki kulijenga, eti, "Mama, baraza ndilo kitu cha kwanza wanachokiona. Subiri kura ipite, kodi ya nyumba ishuke, nitakujengea hadi uchoke kufagia." Viti viwili vya kubembea ameshavitengeneza, viko bandani chini ya turubai, huu mwaka wa kumi na moja.

Sasa mimi nina duka la vitambaa karibu na daraja, na wakiongeza hiyo senti moja kwenye kila dola ya mauzo wateja wangu watavuka mto waende kaunti ya pili, na Ruthanne, fundi wangu wa dukani aliyenishonea mapazia miaka ishirini, nitamwambia nini? Kwa hiyo mara iliyopita nilipiga HAPANA. Verlon hajui. NDIYO ilishindwa kwa kura tisa, akarudi amenyong'onyea, nikamwambia, "Pole, tulijaribu." Tulijaribu, Bi. Imogene! Akaninunulia aiskrimu ya pichi kunifariji, na kila Jumamosi tangu hapo ananiletea, na kila kijiko kinanikaba. Machi walimzibua mishipa ya moyo. Daktari anasema yuko sawa, lakini namsikiliza akipumua, na nataka kukaa naye barazani kabla... sitaki kumalizia. Nipige NDIYO nipate baraza niue duka, au HAPANA nimdanganye tena?

Mimi, Aiskrimu Kooni

*

Aiskrimu Kooni, pole sana, na sasa kaa kitako unisikilize.

Upige kura gani sikuambii. Duka ni lako, kura ni yako, na kuitetea riziki ya Ruthanne si dhambi. Ulipokosea ni pale uliposema "tulijaribu" kisha ukaipokea aiskrimu. Aibu! Nilikupigia simu Jumatatu ukaniapia kwamba gazeti likitoka Alhamisi Verlon atakuwa ameshajua. Kama bado, funika gazeti, mwambie sasa hivi, kabla hajamaliza kahawa. Atanuna. Mwache anune hadi chakula cha jioni. Mwanamume aliyekutengenezea viti viwili hana mpango wa kukaa peke yake.

Na wewe Verlon, najua unasoma, nyumba mbovu namna hiyo katika mji wetu ni moja tu. Unadhani unamficha nani? Kwenye harusi ya binti yako, nami nilikuwepo, ulimvua viatu kila mgeni asiikwaruze sakafu yako, na mthamini alikuwa mmoja wao, alikaa na soksi mchana kutwa akiisifia. Nilimpigia simu juzi, bila kutaja jina, nikamuuliza baraza la mbao la watu wawili litaongeza kodi kiasi gani kwa mwaka. Ongezeko halifikii hata nusu ya bei ya aiskrimu unayonunua kwa mwaka. Miaka kumi na moja, Verlon! Kwa ajili ya hicho!

Kwa hiyo baraza halimo kwenye sanduku la kura, halikuwahi kuwamo. Jumanne nendeni kwa gari moja, kila mmoja apige yake, na mkirudi asimuulize mwenzake. Mbao mtanunua wiki ijayo, ishinde itakayoshinda.

Lakini Jumamosi hii msisubiri mbao. Toeni vile viti bandani, panguseni vumbi, viwekeni kwenye majani pale pale baraza litakapokuwa, mkae hadi aiskrimu iishe. Viti vilivyo kwenye majani kaunti haivithamini. Nimeuliza hilo pia.